Walidhani Wanaaga

Watu wazima wakistaafu hukaa. Hununua kiti cha plastiki, wakakiweka penye jua, wakaanza kuwasema wanaopita. Bakiri yeye alinunua gari. Lilikuwa gari la kusambazia mikate, limezunguka maduka ya Johannesburg miaka kumi na minne kabla ya kumfikia, na kwa kuwa Bakiri alikuwa fundi wa kushona viti vya magari pale Marshalltown tangu enzi ana nywele, alilipasua ndani akatia kitanda, makabati mawili, jiko la gesi na mapazia ya maua. Akaliita karavani. Mkewe Mwatumu aliliita boflo, maana jua likiwaka lilinuka hamira, na aliyelala humo mchana aliamka akijihisi ameumuka.

Mpango ulikuwa wa Bakiri. Wameishi nchi hii miaka thelathini na moja, alisema, na watu wao wanaonana nao misibani tu, wamesimama, sahani mkononi. Safari hii wawaone wakiwa hai. Wiki tatu, nyumba nne, halafu warudi Johannesburg, kwao Fordsburg.

Mwatumu alikuwa amechoka hata kabla ya kufunga mzigo. Miaka ishirini na sita amekaanga sambusa na mandazi Fordsburg kwa kusimama, na sasa magoti yake yalikuwa yakimwambia hali ya hewa ya kesho vizuri kuliko redio. Alikubali kwa sababu kukataa nako kunataka nguvu.

Bakiri aliandika zile nyumba nne nyuma ya karatasi ya kalenda. Yeoville, kwa Angélique. Pretoria, kwa Marcellin. Durban, kwa mtoto wao Suhaib. Ya nne aliiandika polepole, bila kuuliza, kama mtu anayemwekea mwenzake chakula alichokikataa jana: Rosettenville, hapohapo Johannesburg, kwa Nasra.

Nasra ni mdogo wake Mwatumu, tumbo moja, ziwa moja. Miaka saba hawajasemezana. Mama yao alifariki Tanga siku mbili kabla ya harusi ya Tabia, binti wa Nasra, huku Johannesburg, wakati nyumba imejaa wageni na mchele umeshachambuliwa. Kwao msiba hauingizwi penye ngoma. Mwatumu, ndiye mkubwa, akaamua. Akaichukua simu ya Nasra, akasema mama wa bibi arusi hapokei simu, kazi hiyo ni ya dada yake, akaifutika kifuani. Wengine wote akawaambia na akawaapisha. Wapishi walijua, upande wa bwana harusi walijua, hata mpiga ngoma alijua. Nasra peke yake alijifunga leso kiunoni akacheza siku mbili. Jumapili asubuhi ndipo Mwatumu akamweka chini akamwambia, na Nasra akajibu neno moja tu: "Umenichezesha juu ya kaburi la mama." Akainuka. Tangu siku hiyo Mwatumu ametuma watu mara tatu kumwombea radhi, na mara tatu watu wamerudi na chai tumboni, bila jibu.

Aliliangalia jina lile kwenye karatasi ya kalenda. Hakulifuta.

Safari ilianza kwa Angélique, msusi wa Bukavu aliyekuwa jirani yao miaka minane. Walikaa siku mbili, wakala, wakacheka. Wakati wa kuondoka Bakiri, mtu wa adabu zake, akasema kile ambacho kila mtu wa kwao husema akitoka kwa watu: tuwiane radhi, kuishi pamoja ni kukwazana. Akatia ufunguo, akaondoka zake. Hakujua amewasha kitu kikubwa kuliko gari.

Kwa sababu Angélique alikaa akajumlisha. Kabla ya safari Mwatumu alikuwa amegawa masufuria yake, biashara imekwisha na sufuria la kukaangia sambusa mia haliingii kwenye gari la mikate. Lile kubwa kuliko yote lilikuwa jikoni kwa Angélique. Sasa wewe hesabu: wazee wawili, wamegawa vyombo, wanazunguka nyumba kwa nyumba pasipo harusi wala msiba, na wakitoka wanaomba radhi. Mtu akishakufa ndipo wenzake hupiga mapaja, wakasema kumbe alikuwa anatuaga. Angélique aliamua safari hii awahi kupiga paja.

Hata walipofika Pretoria, Marcellin alikuwa na habari zote. Marcellin alishona viti pamoja na Bakiri miaka kumi na moja, na hakuwahi kumkaribisha hata soda. Siku hiyo aliwapa kitanda chake cha ndoa, yeye na mkewe wakalala chini. Asubuhi wakaja watu sita wa kikundi cha maombi wakamwekea Bakiri mikono kichwani mpaka upara ukapata moto. Mwatumu akasema jamani, hatuumwi. Wakatazamana. Mgonjwa wa kweli ndivyo asemavyo, wakaanza kulia upya.

Halafu yakaja maungamo. Marcellin aliungama kwamba yule aliyepoteza mkasi mzuri wa Bakiri mwaka ule, mkasi uliotafutwa karakana nzima kwa wiki, alikuwa yeye, na tena alisaidia kutafuta. Angélique akapiga simu kutoka Yeoville akiwa na lake.

"Mama Suhaib, hapana kuficha tena, sisi ni batoto yenu. Ile mandazi yako. Miaka munane nilikuwa nainunua, napatia mulinzi wa mulangoni."

"Yote?"

"Yote, mama. Unisamehe. Ilikuwa na iliki sana."

Mwatumu alimsamehe, maana angefanyaje, lakini neno hilo alilitafuna kutoka Pretoria mpaka Harrismith, katikati ya njia ya Durban. Bakiri kila akitaka kuzungumza la njia, ng'ombe wale, mlima ule, mkewe anamwambia: iliki haizidi.

Kulishwa ni kazi, na kuliliwa ni kazi kubwa zaidi. Inabidi uonekane unashukuru, uonekane unapungua kidogo, lakini si sana wasije wakaita gari la wagonjwa. Mwatumu alizoea. Ikafika mahali akiingia nyumba ya mtu anatafuta mwenyewe pa kulala, anafumba macho, anaacha watu wanong'one. Bakiri alisema ameanza kuipenda hiyo kazi. Mwatumu alisema ni mara ya kwanza katika maisha yake amelala saa nane mchana bila mtu kumuuliza sambusa ziko wapi.

Durban, Suhaib aliwapokea na swali moja mlangoni: "Nani kati yenu?" Hakusubiri jibu. Akawapeleka kwa daktari wote wawili, wakatolewa damu, wakapigwa picha mbele na nyuma. Daktari akasema wazee hawa ni wazima, mama magoti yamechakaa na chumvi apunguze, baba apunguze kula usiku. Suhaib akafurahi, akaandika kwenye kundi la simu la watu wa Tanga walioko Johannesburg kwamba wazazi wake hawaumwi. Watu thelathini na mmoja wakamjibu. Wakamwambia wanamwelewa, ajikaze, mtoto wa kiume ndiye ngao.

Hivyo ndivyo habari ilivyofika Rosettenville.

Walikuwa wanarudi, wamebakiza saa moja kuingia Johannesburg, wakasimama Heidelberg kutia mafuta. Mwatumu alishuka kunyoosha miguu, simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, fupi. Akaiweka sikioni.

"Dada. Nimesikia. Usinipite. Njoo nikupe radhi yako uende nayo."

Mwatumu alikaa ukingoni mwa kibaraza cha kituo cha mafuta, pembeni ya mitungi ya gesi, akaisikiliza tena. Akaisikiliza mara ya tatu. Miaka saba hajaitwa dada na mtu mwenye haki ya kumwita. Sauti ilikuwa imezeeka kidogo, na mwishoni kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu aliyelia kisha akanywa maji ndipo akarekodi. Bakiri alikuja na chipsi za kufungwa kwenye karatasi, akasikilizishwa mara ya nne, akakaa naye.

"Basi," akasema, "Mungu ana njia zake. Kupitia mdomo wa Angélique, lakini ni njia."

"Mimi siumwi, baba Suhaib."

"Nani kasema unaumwa? Wewe umesema? Mimi nimesema? Wamesema wao. Wewe umekanusha nyumba mbili, na daktari wa tatu. Sasa nyamaza. Uingie, ukae, upokee radhi yako, tule, tuondoke."

"Na mwakani akiniona bado napumua?"

"Tutamwambia dua zimejibiwa."

Mwatumu alicheka mpaka chipsi zikamwagika, na alipomaliza kucheka alikuwa hana nguvu ya kuinuka. Bakiri akamvuta mikono miwili. Wakapanda, wakatoka. Walipita mashamba, wakapita maghala ya bati, vumbi la manjano la vilima vya migodi likaanza kuonekana mbali.

"Mara ile pia," Mwatumu akasema, "nilinyamaza tu. Sikusema uongo hata mmoja mpaka Jumapili."

Bakiri alikuwa anatafuta njia ya kutokea, au alijifanya anaitafuta.

Johannesburg iliwapokea na malori. Robot, yaani taa za barabarani, zilikuwa hazifanyi kazi njia nzima, kila makutano watu wanapigiana honi, na mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua pasipo mvua alikuwa anaongoza magari kwa mikono, anaomba sarafu. Boflo lilipata joto, likaanza kunuka. Mwatumu alifunga macho. Alijiambia mambo mawili kwa zamu. Kwanza: mimi mtu mzima, nimechoka, nina haki ya kupewa kitu bila kukipigania. Halafu: ziwa moja. Kisha tena: nimechoka. Mpaka wanaingia Rosettenville hajapata la tatu.

Nasra alikaa ghorofa ya tatu, juu ya duka la Mreno aliyeuza kuku wa pilipili. Ngazi zilikuwa thelathini na nane. Mwatumu alizihesabu kwa sababu alisimama kila baada ya saba, na kila akisimama harufu ya kuku ilimpita ikipanda yenyewe bila shida. Bakiri nyuma yake alikuwa anahema kama pampu ya baiskeli. Walipofika juu mlango ulikuwa wazi.

Nasra alikuwa amenenepa, na nywele zilizotokeza kwenye mtandio zilikuwa nyeupe. Mwatumu hakuwa amejiandaa kwa nywele hizo. Alikuwa amemwacha mdogo wake mweusi wa nywele, na miaka saba yote alikuwa anagombana kichwani na yule. Nasra aliuchukua mkono wa dada yake akaubusu, kisha akamshika kiunoni, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba trei ya mayai.

"Polepole, dada. Hapa pana kizingiti."

Ndani palifukizwa udi. Mezani kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari. Dirishani, mahali penye upepo, Nasra alikuwa ametandika godoro jipya la sponji na mito minne. Alimlaza Mwatumu hapo, akamvua viatu mwenyewe, akamfunika miguu. Bakiri alielekezwa mezani, akakaa, akaanza kula kwa heshima, yaani kwa haraka ya kimyakimya.

Hebu fikiria godoro hilo. Wiki tatu Mwatumu amelala kwenye vitanda vya watu wanaomlilia na kwenye kitanda kinachonuka hamira. Hili halikunuka kitu. Mgongo wake ulizama ndani kidogo kidogo, pingili baada ya pingili, kila moja ikisema asante. Nasra alikaa miguuni, akaanza kumkanda nyayo kwa vidole gumba, vilevile walivyokuwa wakimkanda mama yao. Mwatumu alifumba macho. Kilichobaki kilikuwa kutofanya kitu. Hajapata kuwa na kazi nyepesi kama hiyo.

"Dada," Nasra akasema. "Kuna neno nataka nilitoe kabla..." Akaanza tena. "Mimi nime..."

"Usiseme."

Vidole vikasimama.

"Usiseme bado, Nasra. Siumwi."

"Wameniambia utasema hivyo."

"Siumwi. Suhaib katupeleka kwa daktari. Magoti yamechakaa, chumvi nipunguze. Ni Angélique aliyeanza, kwa sababu nilimpa sufuria. Nina miaka mingine mingi ya kukuudhi."

Nasra aligeuza kichwa bila kugeuza mwili. "Shemeji?"

Bakiri aliitazama sahani yake, kama jibu limo katikati ya miiba. "Mzima," akasema. "Anakoroma."

"Nasra, mimi dada yako," Mwatumu akasema. "Ningekuwa nakufa ningepanda ngazi zile? Ningekuita wewe ushuke."

Mdomo wa Nasra ulikwenda upande mmoja, kama ulivyokuwa ukienda utotoni kabla ya kicheko. Lakini ulirudi. Aliitoa mikono yake kwenye miguu ya dada yake, akaifuta kwenye leso.

"Ujumbe wangu uliusikia?"

"Mara nne."

"Na ukaja hivyohivyo. Ukapanda, ukalala hapa, ukavuliwa viatu."

"Nilimwambia anyamaze," Bakiri akasema.

"Aliniambia," Mwatumu akasema. "Na mimi nilitaka. Nimechoka, Nasra. Nilitaka unipe tu. Nimenyamaza mpaka sasa hivi."

Nasra akainuka, akaenda jikoni. Zikasikika sufuria zikipangwa upya, sufuria ambazo hazikuwa na kosa. Mwatumu akajiviringisha upande, akaweka goti la kwanza sakafuni, akaweka la pili, akashika dirisha, akajiinua. Hakuna aliyemshika. Kwa kuwa haumwi, basi. Alitafuta viatu vyake, akapata kimoja. Bakiri naye alisimama, macho bado kwenye samaki, akapangusa mdomo.

"Mnakwenda wapi?" Nasra alikuwa mlangoni mwa jikoni.

"Uliandaa radhi ya mgonjwa," Mwatumu akasema. "Mgonjwa hayupo."

"Keti. Sio hapo, hapo pa mgonjwa. Kwenye kiti."

Mwatumu akaketi kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo. Nasra akavuta kiti cha pili, akakiweka mbele yake, magoti kwa magoti.

"Radhi sikupi leo. Na usiende kwa watu ukasema nimekupa."

"Sitasema."

"Lakini utaniambia. Miaka saba nauliza, na kila mtu ananipa kipande. Mmoja anasema mama aliniita, mwingine anasema hakumwita mtu. Mmoja anasema ilikuwa alfajiri, mwingine adhuhuri. Nyote mlijua siku tatu nzima, mimi sina hata saa. Nataka yote. Nani alipiga simu, alisema nini, nani alimwosha. Na mimi wakati huo nilikuwa nafanya nini. Usinipunguzie, dada. Ukinipunguzia nitajua."

Mwatumu aliyaangalia mapazia, akaiangalia meza, akamwangalia Bakiri ambaye safari hii hakuwa na la kumshauri. Alikuwa na habari hizo zote. Kifo aliwaambia watu, lakini yote haya hakuwahi kumsimulia hata mmoja, maana mtu pekee ambaye zilikuwa zake alikuwa haongei naye.

"Alipiga shangazi," akasema. "Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Saa nne." Nasra alilirudia kama anaonja chumvi. "Saa nne nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mbele yangu. Umekaa hivihivi, magoti kwa magoti. Nilikuwa nakuchora hina mkono wa kushoto. Simu niliipokea kwa bega."

Nasra alishusha macho kwenye magoti yao.

"Shangazi akasema, mama amekwenda. Nikasema sawa. Akasema tunamzika baada ya alasiri. Nikasema sawa. Nikakata. Nilikuwa nimefika kwenye ua la katikati, limebaki nusu. Nikalimalizia."

"Na mimi sikuuliza ni nani?"

"Uliuliza. Nikakuambia ni mtu wa viti vya kukodi, anataka kujua tunachukua vingapi. Ukasema mia mbili. Ukacheka, ukasema watu wa Tanga mialiko mia huja mia mbili na hamsini."

Nasra aliufungua mkono wake wa kushoto juu ya paja, akautazama kiganjani, hapakuwa na kitu. Chini kwa Mreno mtu aliita jina la mtu mwingine, mlango wa gari ukafungwa. Bakiri aliisukuma sahani yake taratibu katikati ya meza, akaweka mikono miwili mapajani kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Nilikuwa nacheka," Nasra akasema.

"Ulikuwa unacheka."

"Haya. Endelea."

Mwatumu alivuta pumzi. Magoti yalimuuma, mgongo ulimdai lile godoro, na mbele yake kulikuwa na Alhamisi alasiri, na Ijumaa nzima, na Jumamosi yenye ngoma. Akaanza na alasiri.